Kiguu na njia naye ana wazazi



Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia makaburini mara nyingi mno. Husomwa na katibu wa kamati ya mazishi, karatasi mkononi, watu wakiwa wamechoka kwa jua: "Marehemu alifanya shughuli mbalimbali katika sehemu mbalimbali." Ukiisikia, ujue anayezikwa ni mtu ambaye ukoo wake haukujua la kusema juu yake. Tena mara nyingi anayezikwa ni mwanamke, hakuolewa, na hakukaa mahali pamoja.

Mwanamume aliyezunguka miaka ishirini hupewa maneno yaliyonyooka. Alichimba dhahabu Geita, akavua Kigoma, akarudi akalima tumbaku. Safari zake zinahesabiwa kuwa shule. Dada yake aliyepita njia zilezile anaitwa kiguu na njia tangu yu hai, na akifa miaka yake yote inakunjwa ndani ya sentensi hiyo moja na kuwekwa kando haraka haraka, ili tumalizie na idadi ya wajomba.

Nimekuwa katekista hapa Tabora kwa miaka 32 kabla ya kustaafu, na nimesimama kwenye mazishi mengi kuliko harusi. Vilevile ni baba wa binti aliyekuwa kiguu na njia, naye Mungu alimwita akiwa na miaka 39. Kwa hiyo msinisome kama mtu asiye na upande. Ninao upande, na ni huu: maisha ya binti wa namna hiyo yasimuliwe na mzazi wake, pamoja na barabara alizopita. Mzazi akinyamaza, watasimulia wengine, na hao walimwona akipita tu.

Alizaliwa mwaka 1983, mtoto wetu wa tatu. Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli, na anayeijua Tabora anaelewa maana yake. Hapa ndipo reli inapogawanyika: treni hii inakwenda Kigoma, ile Mwanza, nyingine inashuka Mpanda. Watoto wengine walilala treni ikipita, yeye aliamka. Aliuliza behewa la mwisho linakwenda wapi. Ukimjibu Kigoma, anauliza baada ya Kigoma kuna nini. Ukisema ziwa, anauliza ng'ambo ya ziwa. Mama yake alikuwa na dawa moja tu ya maswali hayo, kumtuma maji.

Alipokuwa na miaka 17 alichukua baiskeli yangu, ile niliyoitumia kuzungukia vigango, akaenda Urambo. Peke yake. Ni karibu kilomita 90. Tulimtafuta usiku kucha kwa majirani na kwa shangazi zake. Kesho yake jioni akaonekana anashuka nyuma ya lori la tumbaku, baiskeli iko juu ya marobota, rimu ya mbele imepinda. Nikamuuliza huko Urambo kwa Mirambo alifuata nini. Akasema alitaka kujua kuna nini. "Kuna nini sasa?" Akajibu kwa heshima zote, macho chini: "Kuna tumbaku, baba." Mama yake aliingia jikoni ili asionekane anacheka.

Alimaliza kidato cha nne, akafundisha chekechea mwaka mmoja na nusu, akaacha. Akakaa Sikonge na warina asali, akiwapikia na kujifunza kazi yao. Alirudi anaweza kuonja asali na kukuambia kama imepitishwa kwenye moto, na mara mbili alimwaibisha mfanyabiashara sokoni kwa ujuzi huo. Baadaye alikuwa Uvinza, akinunua chumvi na kuipeleka vijijini kwa baiskeli. Kuanzia 2009 hadi 2013 alikuwa Kigoma na Ujiji: dagaa mchana, bendi usiku, na Jumapili kwenye Misa ya kwanza akiimba kwaya kwa sauti iliyokauka. Alisafiri na MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo barabara ya watu wa Ziwa Tanganyika, akashuka Karema na kukaa huko miaka miwili. Kwa nini Karema, sijui hadi leo.

Hakuwahi kutuarifu kuwa anakuja. Alfajiri unasikia hodi, treni imeshusha, naye amesimama na mizigo isiyo na mpangilio: dumu la mawese, kitenge cha Kongo, kuku hai mmoja. Kabla hajanywa chai alikuwa ameshakwenda kuwajulia hali vikongwe wawili wa jirani, ambao sisi tunaokaa hapa kila siku tulikuwa hatujawaona tangu wiki iliyopita. Anakaa wiki tatu, nne. Halafu anaanza kuosha baiskeli, na mama yake anajua.

Kuwa binti wa katekista kulimwongezea mzigo. Watu waliniuliza inakuwaje mimi ninafundisha watoto wa wenzangu ilhali wangu hatulii. Walikuwa na methali yao tayari, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo hutumiwa kama rungu. Mimi naona kwamba ulimwengu ulimfundisha mambo mengine mazuri ambayo wala mimi wala mama yake hatukuwa nayo ya kumfundisha, kama lile la kukaa kimya pembeni ya mgonjwa bila kumhubiria.

Tena watu wanaosema hivyo hapa Tabora wanashangaza, kwa sababu mji huu umezaliwa na kutembea. Barabara ya misafara haikuletwa na wageni peke yao. Mababu zetu Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na shanga, na misafara ya Waarabu ikafuata njia ambazo nyayo zetu zilikuwa zimekwisha kuzipasua. Richard Burton alipofika Kaze, karibu na mji wetu wa leo, mwezi Novemba 1857, aliwakuta Wanyamwezi wakiwazoesha watoto wao wa kiume kubeba pembe ndogo tangu utotoni. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado hajakua. Mwaka 2006 nchi yetu iliipendekeza barabara hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara ni hapo tu, unakwenda na kurudi kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana.

Lakini wanawake nao walikuwamo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyetoa mwaka 2006 kitabu kizima juu ya wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kuwa wanawake walisafiri katika misafara hiyo kwa namna nyingi. Wengine walifuatana na waume zao wakibeba vyungu, chakula na watoto. Wengine walibeba mizigo kwa ujira. Wengine waliiona barabara kuwa mlango wa kutokea, wakiacha nyuma bwana aliyewamiliki au nyumba iliyowashinda. Kwa hiyo mwanamke wa Unyamwezi mwenye mzigo kichwani na safari mbele yake si kitu kilicholetwa na bendi za Kigoma. Ila tu tumesahau, maana waliosimulia habari za misafara walihesabu pembe na bunduki.

Wawili tunawajua kwa majina, na wote waliishi hapo Kwihara mwaka 1872, katika tembe ambalo sasa ni makumbusho, David Livingstone alipokuwa akiwasubiri watu ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Mmoja ni Halima, mpishi. Mwingine ni Ntaoeka, aliyejiunga na msafara uliporudi kutoka Manyema, kwa hiari yake, bila mume. Livingstone aliandika habari zao katika shajara yake. Juu ya Ntaoeka anaeleza kwamba hakupenda mwanamke mzuri aliye peke yake awe katika kundi, akamtaka achague mume miongoni mwa watumishi wake watatu. Ntaoeka aliwatazama akatabasamu tu. Mwishowe akawa mke wa Chuma, baada ya Chuma kuahidi kwamba akipata mke ataacha uvivu. Juu ya Halima anaeleza kwamba aligombana na Ntaoeka akatoroka, kisha akapokewa tena, kwa kuwa alikuwa mwangalifu, mwenye akili, asiyeiba wala kumwachia mumewe aibe. Livingstone alikusudia kumpa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Alikufa Mei 1873 kabla ya kutimiza.

Watu hao ndio waliobeba mwili wake. Oktoba 1873 walipita tena Kwihara nao, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu waliupokea katika kanisa lao. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anafundishwa Chuma na Susi. Halima na Ntaoeka walitembea njia ileile, na wangapi wanawataja?

Mimi kila nikipita Kwihara najiuliza jambo jingine. Wale wanawake walikuwa na wazazi. Mahali fulani Manyema kulikuwa na mama aliyejua Ntaoeka alianza lini kutembea, alicheka vipi, kwa nini aliondoka. Mama huyo hakuandika, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo tunachojua juu ya binti yake ni kile alichokiona mwajiri wa mumewe: kwamba alikuwa mzuri wa sura na kwamba aligombana na mpishi. Livingstone hakuwa na nia mbaya, tena kwa Halima alikuwa mkarimu. Ila yeye alimwona mtu katikati ya safari. Mwanzo wa safari uko kwa mzazi.

Wapendwa mafrateri, mnaosoma Maandiko kuliko sisi, rudini kwenye kitabu cha Mwanzo sura ya 34. Dina binti Yakobo alitoka kwenda kuwaona binti za nchi ile. Alitoka kutembelea wenzake, basi. Alitendewa uovu, na tangu zamani wapo wahubiri wanaomlaumu yeye kwa kutoka. Angalieni nani anazungumza katika sura hiyo. Shekemu anazungumza, Hamori anazungumza, kaka zake wanazungumza na kisha wanachomoa panga. Yakobo anasikia habari ya binti yake na kunyamaza hadi wanawe warudi kutoka malishoni. Anapofungua kinywa mwishoni, analalamikia jina lake yeye mbele ya wenyeji. Dina mwenyewe hatumsikii neno moja, na baba yake hatuelezi alikuwa mtoto wa namna gani. Nimefundisha sura hiyo mara nyingi. Tangu nimzike binti yangu, ninaposoma habari ya Dina ninamtazama zaidi yule mzee aliyenyamaza.

Upo mfano mwingine mwishoni mwa barabara yetu, na wa siku za karibu zaidi. Watu wa Kigoma wanaujua. Julai 1960 binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alifika Gombe, kaskazini ya Kigoma, kuwatazama sokwe. Hakuwa na shahada. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani, akafanya kazi ya kuhudumia mezani hotelini ili apate nauli ya meli ya kwanza kuja Kenya. Wakubwa wa kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Wakataka awe na mtu. Aliyekwenda naye ni mama yake, Vanne.

Mama huyo alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Alikaa kwenye hema miezi kadhaa, wote wawili wakapigwa na malaria mapema kabisa, na binti alipokuwa milimani mama aligawa dawa ndogo ndogo kwa wavuvi wa pwani ya ziwa. Ile zahanati ya hemani iliwapatanisha na wenyeji kuliko barua yoyote ya serikali. Jane alisimulia maisha yake yote kwamba alipokuwa mtoto alijificha saa nyingi katika banda la kuku ili aone yai linatoka wapi. Nyumba nzima ilikuwa inamtafuta. Alipotokea mbio, nywele zimejaa nyasi, mama yake hakumkaripia. Aliketi chini kusikiliza habari ya yai. Vanne alifariki mwaka 2000. Jane alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, safarini Marekani, bado anazunguka kutoa mihadhara.

Tumezoea kumsifu Mtakatifu Monika aliyemfuata mwanawe Augustino hadi Milano kwa machozi, na ni haki yake. Vanne alimfuata binti, akiwa na sanduku la dawa. Sisemi wazazi wote wapande treni na binti zao. Mimi mwenyewe nilikuwa na vigango saba na mke mwenye shinikizo la damu. Nasema mama yule alijua habari za binti yake kwa kuwa aliketi akasikiliza habari ya yai. Mzazi anayesikiliza habari ya tumbaku ya Urambo atakuwa na la kusema siku ya msiba.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Binti yangu aliugua siku chache mbali na nyumbani, tukamleta Tabora akiwa marehemu. Kabla hatujapanga hata saa ya Misa, kiongozi mmoja, ambaye simtaji, aliuliza: "Alikuwa jumuiya gani?" Hakuuliza kwa ubaya. Ni swali la kawaida katika parokia zetu, na wasomaji wa gazeti hili wamelisikia. Nyuma yake kuna maswali mengine: zaka yake iko wapi, nani atasimama kumshuhudia, kwa nini tuwaite wanajumuiya kumzika mtu ambaye hakuwahi kuja kusali kwao. Paroko alilimaliza jambo lile kwa dakika moja, tukamzika kwa Misa. Lakini najua familia ambazo halikuisha kwa dakika moja.

Ninazipenda jumuiya ndogo ndogo. Nilianzisha nyingine kwa miguu yangu. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, nia ilikuwa Kanisa liwafikie watu pale wanapoishi. Sasa pana hatari ya kuzigeuza kuwa chekecheke: aliyekaa mahali pamoja anabaki juu, aliyetembea anapita chini na kupotea.

Frateri mmoja aliyekuwa kwetu kwa mwaka wa kichungaji alinifungulia Sheria ya Kanisa, ile iliyotangazwa 1983, mwaka uleule aliozaliwa binti yangu. Nilikuwa sijui kwamba sheria hiyo inamfahamu mtu wa aina yake. Kanuni ya 100 inamtaja mtu asiye na makao ya kudumu wala ya muda mahali popote, na kumwita kwa Kilatini vagus, yaani mzururaji. Nikasubiri kusoma adhabu. Hakuna adhabu. Kanuni ya 107 inasema tu kwamba paroko wa mtu huyo ni paroko wa mahali alipo wakati huo. Ukiwa Uvinza kwa mwezi mmoja, paroko wa Uvinza ni wako. Ukishuka Karema, wa Karema ni wako. Kanisa halikumwacha kiguu na njia bila mchungaji. Lilimpa wachungaji wengi kuliko mimi niliyekaa na mmoja. Na kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa, inataja waasi wa imani wanaojulikana na wadhambi wa wazi wa namna ambayo mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini, tena ikiwa hawakuonyesha dalili ya toba. Kutokuwa na jumuiya hakumo. Naomba mafrateri watakaotumwa vijijini waibebe kanuni hiyo mfukoni, kwa kuwa watakaoulizwa saa ya msiba ni wao.

Pili, ule wasifu. Mwongozo wa Misale ya Kiroma, namba 382, unataka homilia fupi katika Misa ya mazishi lakini unakataza homilia hiyo isiwe ya kumsifu marehemu. Ni busara, padre anahubiri ufufuko. Maana yake ni kwamba habari za marehemu zimeachwa mikononi mwetu sisi wa nyumbani, kabla ya Misa au makaburini. Na sisi tunafanya nini na nafasi hiyo? Tunampa kijana mwenye mwandiko mzuri, asiyemjua marehemu, aijaze kama fomu ya benki: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, ndoa, watoto. Mistari ya ndoa na watoto ikikosa cha kuandikwa, kalamu inakwama, na ndipo ile sentensi inapoingia.

Ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi ya binti yangu. Niliomba karatasi, nikaikata kwa kalamu, nikasimama mwenyewe. Nilisema alikuwa Sikonge akajua asali. Nilisema alibeba chumvi ya Uvinza kwa baiskeli. Nilisema alikaa Kigoma miaka minne, aliimba usiku kwa ajili ya fedha na asubuhi kwa ajili ya Mungu. Habari ya tumbaku ya Urambo niliisema pia, na watu walicheka pale kaburini. Shangazi mmoja alikasirika. Mimi niliona vikongwe wale wawili wa jirani wakicheka na kufuta machozi kwa ncha moja ya kanga.

Kuna wanaoniuliza: na mengine je? Huko Kigoma aliishi na mwanamume bila ndoa, kila mtu anajua. Ndiyo, aliishi naye miaka miwili, wakaachana, na tuliumia, mama yake hasa. Wasifu si kitubio. Dhambi za mtu ni kati yake na Mungu, na padre aliyemsikiliza kama alimpata, nami nina sababu ya kuamini alimpata. Lakini kutosema dhambi ni jambo moja, kufuta miaka ni jingine. Ukiifuta Kigoma yote ili kuficha miaka miwili, umeifuta kwaya, umewafuta wagonjwa aliowakalia, umemfuta mtu. Sema alikaa Kigoma 2009 hadi 2013. Anayetaka kunong'ona atanong'ona hata ukinyamaza, na ukinyamaza atakuwa peke yake mwenye habari.

Baada ya mazishi nilianza daftari. Kila mji una ukurasa wake, na nimepanda treni mara mbili kuujaza. Uvinza nilikutana na mama muuza chumvi aliyeniambia kwamba mtaji wake wa kwanza, shilingi 60,000, alipewa na binti yangu, na hakudaiwa. Sikupewa nafasi ya kujivuna sana, maana jioni ileile alikuja mzee mmoja kunionyesha baiskeli aliyokuwa amemkopesha ikarudi haina cheni. Nilinunua cheni. Hilo nalo nimeliandika.

Ujiji, chini ya mmoja wa miembe mikubwa ile, bibi mmoja Mwislamu aliniita: "Mzee wangu, karibu. Wewe ndiye baba yake yule wa baiskeli?" Nikasema ndiye. Akanipa kigoda. Akasema mwezi wa Ramadhani binti yangu alikuwa akimchotea maji kila jioni na kungoja adhana pamoja naye, kisha wanafuturu kwa uji na tende, na kwamba alipenda kuuliza ng'ambo ya ziwa kuna nini, kana kwamba bibi yule angejua. Nilimwambia swali hilo lilianzia nyumbani kwangu, karibu na reli. Tulikaa hadi jua likazama.

Ukurasa wa Karema ndio bado mtupu. Ni mahali pa zamani katika imani yetu. Adrian Atiman, aliyeporwa kwa wazazi wake angali mtoto, alitibu watu huko tangu 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956, na hakuna mzazi wake aliyepata kujua. Nimemwandikia katekista wa huko. Amejibu kwamba yupo mvuvi anayemkumbuka mwanamke wa Tabora mwenye redio, aliyekuwa akisoma barua za watu wasiojua kusoma. Redio hiyo ninayo mimi, iko juu ya kabati. Nikishavuna karanga nitapanda treni ya Mpanda, na kutoka pale nitaona usafiri.